Gari la kwanza halibebi majeruhi

Kila ajali kubwa inapotokea, iwe basi limegongana na lori au ghorofa limeporomoka, lawama ya kwanza huwa ileile: magari ya wagonjwa yamechelewa, tena yamekuja machache. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini imetuzoesha kuamini kwamba tiba yake ni kununua magari zaidi, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Magari kumi yakifika kwenye tukio lisilo na mpangilio yatafanya kazi moja tu: kuhamisha vurugu kutoka barabarani kwenda kwenye mlango wa hospitali iliyo karibu.

Kuandaa magari kwa ajili ya majeruhi wengi kwa mpigo ni kazi tofauti kabisa na kuandaa ambulensi ya mgonjwa mmoja, na maamuzi yake mengi yanakwenda kinyume na silika. Hata neno "wengi" lenyewe halina namba. Kinachoamua ni uwiano kati ya walioumia na waliopo kuwahudumia. Noah yenye abiria tisa ikipinduka saa nane usiku karibu na kituo cha afya chenye tabibu mmoja na wauguzi wawili, hilo tayari ni tukio la majeruhi wengi. Abiria haohao tisa wakifikishwa Muhimbili mchana wa siku ya kazi, idara ya dharura itawapokea na shughuli nyingine zitaendelea. Ndiyo maana mpango wa wilaya haunakiliwi kutoka mpango wa jiji, hata kama karatasi zake zimechapishwa vizuri kiasi gani.

Walioumia kidogo hufika kwanza

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ya kama saa nne na nusu, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale barabara ya Moi inapokutana na ya Haile Selassie. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka. Wengi walioumia macho na nyuso walikuwa wamesogea madirishani kuchungulia baada ya kusikia mshindo wa awali, na mlipuko mkubwa ulipokuja ukawamwagia vioo. Waliowabeba siku ile hawakuwa hasa wahudumu wa ambulensi. Walikuwa ni watu wa matatu, wa teksi, wa pikapu, na raia waliofungua milango ya magari yao. Sehemu kubwa ya majeruhi iliishia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa sababu ndiyo hospitali ambayo kila dereva anaijua.

Angalia kinachotokea katika hali kama hiyo. Anayeweza kutembea ndiye anayewahi gari. Mwenye jeraha la mkono, mwenye mchaniko wa paji la uso, aliyepoteza kiatu na kutetemeka kwa hofu, hawa wanafika hospitali ndani ya dakika chache na kujaza vitanda, viti na korido. Madaktari wanaanza kushona. Dakika 40 baadaye analetwa aliyekuwa amebanwa chini ya nguzo, ambaye ndiye hasa aliyehitaji kitanda, damu na chumba cha upasuaji, na vyote vimeshikwa. Foleni imepinduka miguu juu, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Tusidhani hili ni tatizo la nchi maskini. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu 10 yalilipuka katika treni nne jijini Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Madrid ina huduma ya ambulensi iliyopangika sana. Hata hivyo hospitali moja, Gregorio Marañón, ilipokea majeruhi 272 kati ya saa mbili na saa nne na nusu asubuhi. Hakuna idara ya dharura duniani iliyojengwa kwa kasi hiyo.

Basi kazi ya kwanza ya magari ya dharura katika tukio la namna hii ni kuvunja wimbi: kuhakikisha anayeondoka kwanza ni yule anayestahili kuondoka kwanza, na kwamba haendi mahali ambapo wenzake 200 wanakwenda. Kubeba kunakuja baada ya hapo.

Wawili wa kwanza kufika

Kutokana na hilo ndipo inapozaliwa kanuni ngumu kuliko zote katika fani hii. Gari la kwanza kufika halibebi mtu. Linasimama, linakuwa ofisi, na wahudumu wake wawili wanagawana kazi. Mmoja anavaa riflekta yenye maandishi ya kiongozi wa huduma za tiba na kushika redio. Wa pili anachukua utepe wa rangi na kuanza kuzunguka kwa majeruhi.

Taarifa ya kwanza kwa redio inapaswa kuwa fupi na kamili: tukio ni gani, liko wapi hasa, kuna hatari gani (moto, mafuta yanayovuja, nyaya za umeme), njia ipi ya kufikia iko wazi, majeruhi ni kama wangapi, na vyombo gani vinahitajika. "Ni wengi, njooni haraka" haimsaidii mtu aliyeko kituoni kuamua atume magari mawili au kumi na mawili. Makadirio mabaya ni afadhali kuliko kutotoa makadirio, kwa sababu yanaweza kurekebishwa baada ya dakika tano.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya muuguzi anayefika hapo. Umati umezunguka, mtu analia kwamba mwanawe anakufa, vijana wanapiga bodi ya gari kwa viganja na kudai mlango wa nyuma ufunguliwe. Anayewaambia "subirini" atakuwa kwenye video ya WhatsApp kabla hajamaliza kuhesabu. Mimi naamini hapa ndipo mipango mingi inapofia, wala si kwenye bajeti. Kanuni ya gari la kwanza lazima iwe imeandikwa, imesainiwa na mganga mkuu, polisi wa eneo hilo wameisoma, na ndani ya gari kuna nakala yake. Vinginevyo tunamwomba mfanyakazi wa ngazi ya chini abebe peke yake uamuzi ambao wakubwa wake hawakuthubutu kuuweka kwenye karatasi.

Yule wa pili, mwenye utepe, anafanya triaji, yaani kuwachambua majeruhi kwa udharura wa hali zao. Wazo la kumhudumia aliyeumia zaidi bila kujali cheo chake hunasibishwa na Dominique Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, ambaye pia alibuni mikokoteni myepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi vitani. Njia inayotumika sana leo ilitengenezwa Newport Beach, California, mwaka 1983, na inaitwa START. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kifaa chochote, na mtu mmoja anachukua chini ya dakika moja.

Unaanza kwa kupaza sauti: anayeweza kutembea aje upande huu. Wote wanaokuja ni kijani kwa sasa, yaani wanaweza kusubiri. Kisha unakwenda kwa waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Hapumui? Inua kidevu, fungua njia ya hewa. Akiendelea kutopumua, ni mweusi, yaani hahesabiwi kuwa wa kuokolewa, unapita. Akianza kupumua, ni mwekundu, yaani wa kuondoka kwanza. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Mwekundu. Mapigo kwenye kifundo cha mkono hayasikiki, au ukibonyeza ukucha rangi inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi? Mwekundu. Ukimwambia akubane kidole hafanyi? Mwekundu. Aliyepita maswali yote lakini hawezi kutembea ni njano, anafuata baada ya wekundu. Tiba inayoruhusiwa katika mzunguko huu ni mbili tu: kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayotoka kwa nguvu. Kwa watoto kuna toleo lake, JumpSTART, ambalo kabla ya kumwita mtoto mweusi linataka apewe kwanza pumzi tano za kuokoa ikiwa bado ana mapigo, kwa sababu mtoto huacha kupumua mapema kabla moyo haujasimama.

Kumpita mtu aliyepewa rangi nyeusi ni jambo zito, na sioni sababu ya kulipamba. Lakini dakika 15 zinazotumika kumfufua mmoja ambaye hapumui ni dakika ambazo wekundu watatu wanamwaga damu. Upande wa pili nao una madhara: ukimpa kila mtu rangi nyekundu kwa huruma, umeirudisha ile foleni iliyopinduka, tofauti ni kwamba sasa ina utepe.

Vitu vya bei ndogo kwa wingi

Mtu akiambiwa aandike orodha ya vifaa vya gari la maafa, huanza na mashine: ventileta, kifaa cha kushtua moyo, monita. Hizo ni mashine za mgonjwa mmoja. Katika tukio la watu 40 mashine moja inamtumikia mmoja na kumfunga mhudumu mmoja. Linaloua haraka katika ajali na milipuko ni damu na njia ya hewa, na vifaa vyake vinauzwa kwa bei ya kawaida: toniketi za kukaza mkono au mguu juu ya jeraha, gozi, bandeji za kukandamiza, vifaa vya plastiki vya kushikilia njia ya hewa, glavu, mikasi mikubwa ya kukatia nguo na mikanda ya viti. Hivyo vinatakiwa kwa makumi, siyo viwili viwili. Kuna na vile ambavyo havifanani kabisa na tiba: filimbi, spika ya mkononi, tochi za kuvaa kichwani, riflekta, kalamu za wino usiofutika, daftari. Kwa alama za rangi mimi napendelea mizunguko ya utepe wa plastiki kuliko kadi za karatasi. Mvua ya masika dakika kumi tu inaigeuza kadi kuwa uji.

Oksijeni inastahili hesabu yake, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Mtungi mdogo unaobebwa kwenye ambulensi huwa na lita 680 hivi. Mgonjwa mmoja mwenye barakoa ya kupewa lita 15 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 45. Wagonjwa kumi wakiugawana, ndani ya dakika tano umekwisha. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unawapa kumi haohao dakika 45, lakini ni mzito na unahitaji bomba la kugawa lenye matundu mengi. Kwa hiyo oksijeni ya wingi haina maana kwenye gari la kwanza. Inakuja na gari la tatu au la nne, pamoja na hema, jenereta na mtu anayejua kuifunga. Gari la kwanza libebe mitungi miwili kwa ajili ya wekundu wachache, na nafasi iliyobaki ijazwe gozi.

Moto una hesabu nyingine, na hii inatuhusu moja kwa moja. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitali siku zilizofuata, walizidi 100. Majeruhi waliokuwa na hali mbaya walihamishiwa Muhimbili. Kenya ilikuwa imepitia msiba wa namna hiyohiyo Sachangwan mwezi Januari 2009. Malori ya mafuta yanapita barabara hizi kila saa, kwa hiyo mpango wa mkoa wowote ulio kwenye njia kuu ambao haujapiga hesabu ya moto haujakamilika.

Kanuni inayofundishwa kwa makadirio ya awali ni mililita nne za dripu, mara uzito wa mgonjwa kwa kilo, mara asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua nusu ya mwili anahitaji lita 12 katika saa 24 tangu alipoungua, nusu yake ndani ya saa nane za mwanzo. Hiyo ni chupa 12 za nusu lita kabla ya zamu moja kwisha. Wagonjwa 20 wa aina hiyo wanataka chupa 240, ambazo maji yake pekee yana uzito wa kilo 120. Hapo hujaweka seti za dripu, sindano kubwa, dawa za maumivu, wala watu wa kuzifunga. Kituo cha afya hakiwezi kuwa na akiba hiyo kwenye kabati, na ambulensi haiwezi kutembea nayo kila siku. Inabidi ikae mahali, katika masanduku yaliyofungwa, ikisubiri gari lolote lenye nguvu lije kuichukua.

Hilo linatuleta kwenye mabishano ya gari au masanduku. Dunia ina mifano ya kuvutia. Idara ya ambulensi ya Dubai iliunda mabasi ya wagonjwa yenye urefu wa mita 20.03, yanayoweza kuhudumia na kubeba hadi watu 123 pamoja na wahudumu, na yakaingia kwenye kitabu cha rekodi kama ambulensi kubwa kuliko zote. Ufaransa, mwezi Machi 2020 wakati korona imezielemea hospitali za mashariki, iligeuza treni ya mwendokasi kuwa wodi na kuwatoa wagonjwa 20 Strasbourg kwenda magharibi. Ni kazi nzuri, na zote mbili zinahitaji barabara pana au reli safi na bajeti isiyokatika.

Kwetu ningechagua masanduku bila kusita. Gari maalumu la maafa linaloegeshwa miaka miwili likisubiri tukio huisha kwa njia mbili: ama betri inakufa na matairi yanalala, ama linaazimwa kwenda kwenye semina, kisha msibani, mwisho linakuwa gari la ofisi lenye king'ora. Masanduku ya plastiki magumu yenye namba na rangi hayatamaniwi na mtu. Yanapakiwa kwenye Land Cruiser, kwenye Canter, hata kwenye tela la halmashauri, na yanaweza kugawanywa: manne hospitali ya wilaya, mawili kituo cha afya kilicho kwenye barabara kuu. Upakiaji wake una nidhamu moja tu, cha kutumika mwanzo kiingie mwisho. Utepe, riflekta, tochi na mfuko wa kuzuia damu viwe mlangoni kabisa. Hema na jenereta vikae ndani. Nje ya kila sanduku kuwe na karatasi yenye maandishi makubwa inayosema kuna nini na kwa watu wangapi, kwa Kiswahili, kwa sababu atakayelifungua usiku anaweza kuwa askari wa zimamoto au mwalimu wa shule ya jirani.

Kupaki, kupakia, kupeleka

Tuseme basi la abiria 60 limegongana na lori karibu na Chalinze, saa tatu usiku. Barabara ni moja, pande zote mbili foleni imeanza kujikusanya, na madereva wasiojua kuna nini mbele wanajaribu kuchomoka kwa kando. Ndani ya robo saa hakuna ambulensi itakayopita, si kwa kuja wala kwa kutoka. Kumbe gari la muhimu kuliko yote wakati huo linaweza kuwa pikipiki ya trafiki inayofungua njia.

Magari yakifika, yapaki yakiwa yameelekeza pua upande wa kutokea, yaingie upande mmoja na kutokea mwingine, yasigeuke ndani ya eneo. Kama kuna tenki la mafuta, yakae upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka, maana petroli hutiririka kufuata mteremko na mvuke wake hutambaa chini. Dereva asiondoke kwenye usukani. Hili linaonekana dogo mpaka siku gari la mbele limefungwa, funguo ziko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kusaidia kubeba machela, na nyuma yake yamesimama matano yenye wagonjwa.

Mahali pa kupakilia anasimama mtu mmoja mwenye daftari. Anaandika namba ya mgonjwa, rangi yake, namba ya gari, hospitali anayopelekwa na saa. Hiyo ndiyo nyaraka ya thamani kuliko zote usiku huo. Bila daftari hilo ndugu watazunguka hospitali nne hadi mchana wa kesho, na hakuna atakayejua hospitali ya Tumbi imeshapewa wekundu wangapi. Kwa tukio la Chalinze hesabu inakwenda hivi: kijani wanapakiwa kwenye Coaster na kwenda hospitali ya Msoga pamoja na muuguzi mmoja, wekundu wanagawanywa kwa zamu kati ya Tumbi iliyoko Kibaha na hospitali ya rufaa ya Morogoro, na wenye majeraha ya kichwa wanaoweza kuhimili safari wanaendelea hadi MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo, Dar es Salaam. Gari moja halibebi wekundu wawili kama kuna mhudumu mmoja tu nyuma. Mwekundu mmoja na njano mmoja, sawa. Kijani anayeweza kukaa mbele na dereva, pia sawa.

Mawasiliano ya haya yote yasitegemee simu za mkononi. London tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipolipuka kwenye treni na basi, mitandao ya simu ilielemewa na watu wanaoulizana kama wako salama. Redio ya VHF kati ya eneo la tukio, hospitali na polisi haina mvuto wa kuonyesha kwenye ufunguzi wa mradi, lakini inafanya kazi wakati kila mtu ana simu sikioni.

Magari yasiyo yetu

Nairobi ilituonyesha kwamba matatu zitabeba watu, mpango upende usipende. Chaguo lililobaki ni kuzipanga au kuzikimbiza. Siku ile ya London mabasi ya kawaida ya jiji yalitumika kwa makusudi kuwapeleka majeruhi wanaotembea katika Royal London Hospital, hivyo ambulensi zikabaki kwa waliolala. Daladala moja yenye muuguzi na mfuko wa gozi inaondoa kijani 25 kwa safari moja. Hiyo ni sawa na ambulensi nyingi sana ambazo hatuna.

Tanzania tayari inao mfumo unaokaribia wazo hili. Mpango wa m-mama, ulioanzia kanda ya ziwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, unapokea simu kwa namba ya bure 115. Aliyepo kituoni anauliza dalili, na kama ambulensi iko mbali anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Orodha ya madereva ipo, njia ya malipo ipo, kituo cha simu kipo. Kuongeza mafunzo ya siku moja ya kuzuia damu na kumbeba mwenye jeraha la shingo kungegharimu kidogo mno ukilinganisha na gari jipya. Kampala waliwahi kuwafundisha polisi na madereva wa teksi huduma ya kwanza kwa mtindo huo. Jambo moja tu lisisahaulike: fedha ya mafuta na ya kuosha viti. Dereva aliyelala na gari lenye damu na kupoteza siku ya kazi ana haki ya kurudishiwa, na malipo hayo yawe yameandikwa kabla ya tukio.

Kwa bodaboda nina mashaka. Zinafaa kumleta muuguzi na mfuko wake kupita foleni, na kwa hilo hakuna chombo kinachozishinda. Kumbeba mwekundu katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ni kumkunja mtu ambaye huenda uti wa mgongo umevunjika.

Kuna hatari moja inayokuja na magari ya raia, nayo ni sumu. Tarehe 20 Machi 1995 gesi ya sarin ilipoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku hiyo. Wengi walifika kwa miguu na kwa teksi, hawakuoshwa wala kuvuliwa nguo, na baadhi ya wahudumu wakaugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Sarin inafanya kazi kwa njia ileile ya baadhi ya viuatilifu vya shambani vinavyosafirishwa kwa malori hapa kwetu, na atropini inayotumika kwa aliyekunywa dawa ya mimea ndiyo inayotumika na kule. Kwa hiyo sanduku moja liwe na atropini ya kutosha, aproni za plastiki, mifuko mikubwa ya kutia nguo, kanga za kuwasitiri waliovuliwa, na mpira wa maji unaofika nje ya geti. Kumvua mtu nguo na kummwagia maji mengi kabla hajaingia ndani kunaondoa sehemu kubwa ya sumu.

Siku ambazo hakuna kitu

Dripu na dawa zina tarehe za mwisho. Akiba ya maafa ikifungiwa peke yake itakuja kufunguliwa imeshaharibika, na mkaguzi ataandika hoja. Njia iliyo rahisi ni kuifanya kuwa sehemu ya stoo ya hospitali: kila miezi mitatu chupa zinazokaribia kuisha muda zinatoka kwenye masanduku kwenda wodini, na mpya zinaingia mahali pake. Hakuna kinachotupwa. Mfamasia anahitaji tu kibali cha maandishi cha kubadilishana, ili asionekane anachota mali ya maafa.

Kila sanduku lifungwe kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Anayekagua hahesabu gozi moja moja, anasoma namba na kulinganisha na kitabu. Lakiri ikikatika, sanduku lote linahesabiwa siku hiyohiyo. Gari linalotarajiwa kuyabeba liwashwe kila wiki na tenki lake lisishuke chini ya nusu. Jina la mwenye mamlaka ya kutoa mafuta usiku liandikwe ukutani pamoja na la msaidizi wake, kwa kuwa saini ya mafuta imeshachelewesha magari mengi kuliko mashimo ya barabarani.

Zoezi lifanyike usiku angalau mara moja kwa mwaka, na lisitangazwe kwa madereva. Mchana kila mtu anajua tochi iko wapi. Waite watu wa zimamoto, trafiki, mwenyekiti wa mtaa na chama cha bodaboda, na wanafunzi wa uuguzi wajipake rangi na kulala barabarani wakiwa na karatasi shingoni zinazosema wanapumua mara ngapi. Mara nyingi litakaloonekana kwanza ni kwamba riflekta ya kiongozi imechukuliwa na mtu mwingine kwa ajili ya baridi. Likiisha, masanduku yote yajazwe upya na kupigwa lakiri ndani ya saa 24, kabla ya ripoti kuandikwa.